Ngoma ya Malindi

Tabia alirudi kutoka chuoni Jumamosi mchana na habari ambayo yeye aliiona tamu na mama yake akaiona chungu. Chuo cha ualimu kitakuwa na wiki nzima ya ngoma. Mkuu wa chuo kasema wanafunzi wake wametoka kila pembe ya visiwa, basi kila mmoja aje na cha kwao: watu wa Makunduchi na chao, wa Tumbatu na chao, Wapemba na msewe wao, na wale ambao babu zao walikuja kutoka bara nao wasibaki nyuma. Wageni wataalikwa, wa wizara na wa chama, na wazee wa wanafunzi wanakaribishwa. Lengo, alisema Tabia huku akivua buibui, ni watu wajuane.

"Tushajuana vya kutosha," alijibu Bi Mwanakheir, wala hakuinua macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiidarizi.

Si kwamba alikuwa mwanamke wa kununa. Mtaa mzima wa Malindi ulimjua kwa kicheko chake, na zamani harusi isiyokuwa na Mwanakheir mbele ya wapigaji matari ilihesabiwa kuwa imepooza. Lakini hizo ni za zamani. Tangu Wangazija kama yeye, ambao wazee wao walitoka kisiwa cha Ngazija, walipotangaziwa kwamba wao si raia mpaka waombe, na wakiomba wasubiri, kicheko kile kilikuwa kikitoka kwa nadra, tena kwa sauti ya chini. Mumewe, Bwana Gharib, aliyepiga taipu katika afisi ya serikali tangu ujana wake, aliambiwa akae nyumbani mpaka ombi lake lijibiwe. Akakaa. Kila asubuhi alivaa shati lake la kazini, akafunga vifungo vyote, akashuka kukaa barazani, na wale waliokuwa wakimwamkia kwa heshima walianza kupita upande wa pili wa njia, kila mmoja ghafla ana haraka.

Kofia za Bi Mwanakheir ndizo zilizowalisha. Na wanunuzi, Mungu awasamehe, walijua hali iliyomo ndani ya nyumba ile. Walizigeuzageuza kofia, wakazitafutia kasoro, wakataja bei ya kumtia mtu haya kuipokea. Aliipokea. Kwenye foleni ya mchele alikuwa akisukumwa nyuma na vibinti ambao aliwashika mama zao uchungani, akasikia "wenye nchi kwanza," akarudi nyuma.

Tegemeo lao lilikuwa Tabia. Ulibaki muhula mmoja tu amalize, apewe skuli ya kusomesha na mshahara wa kila mwezi. Chuoni hakuna aliyepata kumuuliza la kumuuliza. Siku ya kuandikishwa, mkuu wa chuo, Mwalimu Msabah, alimuuliza anakaa wapi, akasema Malindi, na maneno yakaishia hapo. Bi Mwanakheir aliomba kila sala yaendelee kuishia hapo, kwa sababu alishaona mambo yanapokwenda yasipoishia. Jirani yao Bi Kazija, aliyezaliwa Malindi na kuolewa Malindi, alifuatwa asubuhi moja akaambiwa arudi kwao. Alipakiwa melini na furushi la nguo na jiko lake la mafuta ya taa. Nyumba yake sasa ilikuwa na kufuli jipya, na hakuna aliyethubutu kuuliza ufunguo anao nani.

Sasa binti huyu anakuja na ngoma.

"Na nyie wa mjini mtapeleka nini?" aliuliza mama, akijua kuwa jibu halitampendeza.

Tabia akaeleza. Wasichana wa mjini walikuwa wamechekwa darasani. Wenzao waliwaambia watu wa mjini hawana ngoma, wana maduka na umbea tu. Mzaha, lakini ulimkera. Akasimama akasema wanayo, tena nzuri kuliko zote, na yeye ataileta. Ngoma ya tari.

Bi Mwanakheir akaitua kofia mapajani.

"Umesema hivyo mbele ya watu?"

"Nimesema tari, mama. Sikusema ya nani."

Alitaka kumwambia akirudi Jumatatu aseme anaumwa. Lakini Bwana Gharib, ambaye siku hizo hata kuomba chumvi alikuwa akiomba kwa ishara, alisema mwacheni mtoto. Wakubwa watakaokuja, alisema, kwao wao ngoma zote ni ngoma. Na kwa nini mtoto akae kimya kama hana mama wala baba? Tabia akaongeza kwamba hata Mwalimu Msabah kaipenda, kasema waiite ngoma ya Malindi, basi. Likapatikana jina. Bi Mwanakheir akaona wawili wamemshinda mmoja, akakubali, lakini aliweka sharti. Mtu yeyote akimuuliza Tabia kwao ni wapi, jibu ni Malindi. Akiulizwa mara ya pili, Malindi.

"Na wakiuliza kabla ya Malindi?"

"Kabla ya Malindi ulikuwa tumboni mwangu. Na tumbo hili lilikuwa Malindi."

*

Walifanya mazoezi alasiri, madirisha yamefungwa, joto likiwakausha koo. Walikuja wasichana watatu, na Tabia wa nne. Bi Mwanakheir aliyatoa matari chini ya kitanda, ngozi zao zimelegea kwa kutopigwa, akazikausha juu ya moto wa makaa mpaka zikaitika. Aliwafundisha kukaa kwa safu, kuinua tari usawa wa shavu, kuinama pamoja na kuinuka pamoja. Aliwasagia liwa ya kupaka usoni. Mara mbili tatu alijisahau akaimba kwa sauti yake kamili, ile ya harusini, kisha akakumbuka ukuta wa jirani, akaimeza.

Tusimsingizie: alifurahi. Hofu ilikuwepo, imekaa nao chumbani muda wote, lakini mwanamke huyu alikuwa na miaka hajafanya kitu anachokijua zaidi ya kushona. Alipomwona Tabia kashika tari vile vile alivyolishika bibi yake, shingo imenyooka, macho yametazama chini, machozi yalimlengalenga, akasingizia moshi.

Siku ya zamu yao ilikuwa Jumatano. Alikuwa keshasema hatakwenda. Asubuhi aliosha vyombo, akafagia, akaanza kofia mpya, akaifumua. Adhuhuri alijitanda buibui lake, akamwambia Bwana Gharib kwamba anakwenda kutazama mara moja tu, atasimama nyuma, hatazungumza na mtu. Bwana Gharib aliuangalia ule mlango wa Bi Kazija wenye kufuli, kisha akainamisha kichwa.

Ukumbi wa chuo ulikuwa umepambwa kwa makuti na karatasi za rangi. Wageni walikaa mbele kwenye viti vya kuegemea, wazee wa wanafunzi nyuma kwenye mabenchi. Walicheza wa Makunduchi, vumbi likajaa. Walicheza Wapemba na njuga zao. Wakaja vijana na sindimba ya babu zao wa bara, wageni wakapiga makofi mpaka wakasimama. Na kweli palikuwa na raha, lazima isemwe. Mtu wa Tumbatu alimshangilia wa Pemba, na wa shamba alimshangilia wa mjini. Bi Mwanakheir alipata nafasi mwisho wa benchi, karibu na msichana mmoja aliyevaa gauni la kijani, nywele kazisuka vizuri. Msichana yule alisogea kumpa nafasi zaidi, akamwambia, "Shikamoo mama, kaa vizuri, usiumie." Alijitambulisha kwa jina la Sichana. Bi Mwanakheir alimpenda papo hapo. Siku hizo hakuwa amezoea kupishwa.

Kisha mtangazaji akasema, "Ngoma ya Malindi."

Watoto waliingia kwa safu. Walikaa. Matari yakainuka, na pigo la kwanza lilipolia, Bi Mwanakheir alisahau kila alichojiusia. Ngoma ilikwenda. Ilikwenda barabara, hakuna aliyewahi wala kuchelewa, na sauti ya Tabia ikapanda juu ya wenzake, na ukumbi wote ukanyamaza, hata wageni wa mbele wakaacha kunong'ona. Mama mtu alisimama. Alipiga vigelegele virefu, vya harusini, watu wakageuka wakacheka kwa furaha. Alipokaa alikuwa akihema, uso umemng'aa.

"Lo, hii nzuri," alisema Sichana. "Sijapata kuiona. Ngoma ya wapi hii, mama?"

"Ya kwetu, mwanangu."

Hapo angetia kituo. Mjini Unguja kila mtu ana kwao. Neno lile lingeweza kubeba Malindi, Kikwajuni au Mkunazini bila ya mtu kuuliza zaidi. Lakini Sichana alitabasamu, akauliza kama mtoto anavyomuuliza bibi yake.

"Kwenu wapi?"

"Ngazija," alisema Bi Mwanakheir, kwa fahari.

Ndivyo wanavyosema wenyewe. Mngazija wa Malindi atakwambia kwetu Ngazija kama vile alitoka jana, na ukimuuliza mji wake huko atakutajia, na mtaa atakutajia, ingawa aliyetoka huko alikuwa babu wa mama yake, na yeye hana hata picha. Wamelelewa hivyo. Ni adabu, ni kumkumbuka aliyekuzaa, na hakuna katika nyumba zao aliyepata kulidhania baya neno lile. Hata Bi Mwanakheir, aliyemkaririsha mwanawe Malindi, Malindi, mpaka mtoto akachoka, hakuwa amejikaririsha mwenyewe.

Sichana alisema nzuri sana, akapiga makofi mpaka ngoma ikaisha. Kisha akamwomba mama radhi, akainuka, akaenda mbele kwenye viti vya kuegemea, akakaa kwenye kiti chake kati ya wageni.

*

Alhamisi, jua halijafika kichwani, Tabia alikuwa nyumbani. Alisimama mlangoni na vitabu vyake mkononi. Mwalimu Msabah kamwambia asiingie darasani mpaka wazungumze na mzee wake. Wenzake watatu wanaendelea na masomo. Hakujua sababu. Alikuwa akimtazama baba yake alipokuwa akisema, akidhani kuwa ombi la uraia limejibiwa vibaya.

"Ni mimi," alisema Bi Mwanakheir.

Akawaambia. Alisema kila kitu, na neno lenyewe alilitamka. Tabia alikaa chini palepale mlangoni. Hakulia wala hakumlaumu, laiti angemlaumu. Alisema tu, polepole, "Siku zote umenambia mimi, mama. Mimi." Bwana Gharib akaingia ndani, wakamsikia akivua shati la kazini na kulitundika.

Bi Mwanakheir alikwenda chuoni peke yake. Alikalishwa nje kwenye kibao muda mrefu, watu wakipita na makuti, maana wiki ya ngoma ilikuwa ikiendelea na ukumbini kulikuwa kukirindima. Mwalimu mmoja, ambaye Bi Mwanakheir alimjua tangu udogo wake, alipita mbele yake akijifanya anasoma gazeti. Alipoitwa, Mwalimu Msabah alisimama kumpokea, akamwita Bi Mwanakheir, akamuuliza hali ya Bwana Gharib. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mtu mwenye watoto, na mikono yake haikutulia juu ya meza.

Alieleza kwa upole. Wageni walikaribishwa kuona ngoma za wananchi, wakaambiwa kwamba moja ilikuwa ya nchi nyingine. Sasa wanauliza vipi mtoto wa kigeni yumo chuoni, tena karibu kumaliza, na nani aliyeipa ngoma ile jina la Malindi. Hilo la mwisho alilisema huku akitazama mlango.

"Sindimba ilizaliwa Unguja, Mwalimu?"

"Bi Mwanakheir, tusifike huko."

"Mtoto kazaliwa hapa. Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu kazikwa hapa."

"Najua," alisema. "Hilo ungemwambia yule binti Jumatano."

Aliona neno lile lilivyompiga, akaona haya, akaharakisha kutoa njia iliyokuwepo. Jumamosi ni siku ya kufunga. Wageni watarudi. Tabia atasimama mbele ya wote, aseme kwamba yeye ni Mzanzibari, hana kabila, na hana kwao pengine. Akisema hivyo ataendelea na masomo, Mwalimu ameshaahidiwa hilo.

Bi Mwanakheir alisema hilo si gumu, maana ndiyo kweli yenyewe.

"Na aseme ngoma ile kaipata wapi."

"Kaipata nyumbani."

"Kwa nani," alisema Mwalimu Msabah. "Watataka ataje kwa nani."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nyumbani mlikuwa na watu wawili. Mmoja ombi lake lilikuwa bado mezani kwa wakubwa, na jina lake likitajwa Jumamosi, lile ombi halitajibiwa tena. Aliinuka, akaweka sawa buibui lake. Alimwambia Mwalimu Msabah kwamba mtoto atasema, na atasema vizuri, maana kafundishwa na walimu wema. Mwalimu Msabah alimsindikiza mpaka mlangoni, lakini hakutoka nje.

Ijumaa nzima walibishana. Tabia alisema hatataja. Heri aache chuo, akae adarizi kofia. Bwana Gharib alisema atajwe yeye, yeye ndiye mwanamume, na hana kazi ya kupoteza. Bi Mwanakheir aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akamkalisha binti yake mbele yake kama siku za mazoezi.

"Mimi nimesema neno moja bila kufikiri," alimwambia. "Wewe utasema kwa kufikiri. Sema nilifundishwa na mama yangu. Basi. Sema tukusikie."

Tabia alisema huku akilia. Akasema tena. Akarudishwa mwanzo kila sauti yake ilipokatika, mpaka ikaacha kukatika.

*

Jumamosi Bi Mwanakheir alikwenda na mwanawe. Mwalimu Msabah alikuwa ametuma salamu kwamba mama naye afike, akae mbele. Makuti ya ukumbini yalikuwa yamekauka na kuanza kuanguka. Alikaa kwenye kiti cha kuegemea, na Sichana, kiti cha pili, alimwamkia kwa adabu ile ile.

Zilitolewa hotuba. Walishukuriwa wa Makunduchi, walishukuriwa Wapemba, ikasemwa kwamba ngoma zetu ni nyingi na sisi ni wamoja. Kisha Mwalimu Msabah akasema mwanafunzi mmoja ana maneno mafupi.

Tabia alipanda jukwaani kavaa sare ya chuo. Alianza kwa sauti ndogo. Alisema yeye ni Mzanzibari, hana kabila wala kwao pengine. Alisema ngoma ile alifundishwa na mama yake. Hapo ndipo walipokuwa wamekubaliana aishie.

Watu walisubiri. Mmoja wa wageni alikohoa. Tabia akawatazama wale wa viti vya mbele, akaona hawajaridhika, na Bi Mwanakheir akaona kwamba ameona.

"Mama yangu ndiye Mngazija," alisema Tabia, na sauti sasa ilikuwa imesimama, safi, ya mwalimu darasani. "Yeye ndiye mwenye kwao huko. Mimi si wa huko, na mambo ya huko nimemrudishia yeye mwenyewe. Mimi ni wa hapa. Yule pale, amekaa."

Akanyoosha mkono kumwonyesha, kama anayeonyesha neno ubaoni.

Iliuma, tusifichane. Iliuma kuliko foleni, kuliko kibao cha nje ya afisi. Maneno ya mwanzo alimpa yeye. Haya ya mwisho mtoto kayatoa wapi? Aliyapata papo hapo kwa hofu, au alikuwa nayo siku zote akimwonea haya? Hakuwa na wa kumuuliza. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, wageni wakitikisa vichwa kukubali, na Mwalimu Msabah akapumua kwa mara ya kwanza. Binti kapona. Atapata skuli, atapata mshahara, baba yake atakula. Bi Mwanakheir aliona watu wa pembeni wanaitazama mikono yake. Akapiga makofi. Alipiga kwa nguvu, tena alichelewa kuacha.

Tabia alishushwa jukwaani na wenzake, wakamzunguka, wakatoka naye kwa mlango wa pembeni. Hakugeuka nyuma. Watu wakaanza kuondoka, mabenchi yakaburutwa. Bi Mwanakheir alipotaka kuinuka, Sichana alimwekea mkono begani, mwepesi.

"Wewe bakia kidogo, mama. Kuna watu watakuja kuzungumza nawe."

Akabaki. Ukumbi ukawa mtupu. Sichana alimletea maji ya kunywa, akamsogezea kiti chake, akamuuliza kama jua la dirishani halimuumizi. Kisha akamuuliza, kwa huruma kabisa, kama bahari humsumbua mtu anapokuwa melini.

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Mwanakheir. "Sijapata kupanda."